Picha ya Mguu wa Baba

Indiana, 11 Januari 2009

Mdogo wangu Atlee,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ambalo hata mimi niliyetengwa na kanisa kwa kuondoka kwenu bado naruhusiwa kulitaja. Natumaini Malinda amejifungua salama na mtoto hakurithi masikio ya ukoo wetu. Huku theluji imefika madirishani. Nimekula supu ya maharage siku tatu mfululizo, nimeipika kama anavyopika Mama na bado haina ladha. Mwambie Mama zile soksi za sufu alizonifumia bado nazivaa. Kama hataki jina langu litajwe mbele ya Baba, mwambie mkiwa zizini.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nafanya kazi kwa Daktari Pruett, daktari wa miguu. Ni mwaka wa tisa huu. Naosha miguu ya wazee, nakata kucha zilizozama nyamani, na napiga picha za eksirei. Kabla ya Krismasi alikuja mkaguzi wa jimbo, mama mwembamba mwenye faili kubwa.

"Leseni ya mpiga picha iko wapi?" akauliza.

"Leseni ipi?"

"Ile inayotakiwa kutundikwa ukutani, dada."

Nikamtazama Daktari. Daktari akatazama viatu vyake, kisha akasema, "Mimi sikujua kabisa kwamba huyu anagusa mashine."

Atlee, yeye ndiye aliyenishika mkono akanionyesha kitufe. Kila nilipomuuliza kama inaruhusiwa alinijibu, "Hizo ni karatasi za serikali tu, Saloma, wewe bonyeza."

Jimbo linataka mtu wa kupiga picha za miguu, hata kama hatapiga kiungo kingine chochote maisha yake yote, awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, asome kozi ya mionzi, apige picha kadhaa mbele ya msimamizi, afanye mtihani. Sibishani nao. Mionzi haichezewi. Lakini mimi niliishia darasa la nane, kama wewe, kama sisi sote, kwa kuwa Baba na wazee wenzake wa kanisa walisema zaidi ya hapo kitabu humharibu mtu. Kuna mtihani wa watu wazima ambao ungenipa cheti hicho. Ila ili niufanye, lazima nithibitishe mimi ni nani, na mbele ya serikali mimi si mtu. Nilizaliwa nyumbani, na mkunga hakwenda kuniandikisha. Aliandika karatasi moja tu akampa Baba. Iko kwenye dawati lake, droo ya juu, pamoja na karatasi za ng'ombe.

Nimeiandikia ofisi ya vizazi ya Ohio. Wamesema wakiiona hiyo karatasi, wataniandikisha. Naomba uitoe unitumie kwa posta. Nikiipata kabla ya Februari kwisha, nitafanya mtihani wa cheti mwezi wa nne, nisome kozi kuanzia wa sita, na kufikia Septemba leseni iko ukutani. Sasa hivi Daktari ameniweka mezani kuandika majina ya wagonjwa. Ameajiri binti mwenye leseni. Mimi namwonyesha choo kiko wapi.

Dada yako,
Saloma


Ohio, 2 Machi 2009

Kwa Dada Saloma,

Salamu za amani kutoka kwetu sote, tu wazima. Barua yako ilifika, nisamehe kuchelewa. Malinda alijifungua mtoto wa kike tarehe ishirini Januari, tumemwita Fannie kama Mama. Masikio ni yetu, pole. Farasi yule mwekundu alikufa. Ibada ya mwezi uliopita ilikuwa hapa nyumbani kwetu, watu mia na sitini, Mama alioka mikate siku mbili na kusaga siagi ya karanga mpaka mkono ukavimba. Askofu alihubiri vizuri. Matawi ya mitufaa tumeyapogoa.

Baba hajambo, ila buti la kushoto halimwingii. Amelipasua upande kwa kisu cha ngozi. Chini ya unyayo kuna kidonda, kidogo tu, anakipaka marhamu na kukifunga kwa majani kama tulivyozoea. Hakimuumi hata kidogo, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Kuhusu ile karatasi, dawati la Baba lina ufunguo, unalijua lile dawati. Tutaona.

Theluji imeanza kuyeyuka. Njia ya kwenda kwa Mjomba haipitiki.

Ndugu yako,
Atlee


Indiana, 9 Machi 2009

Mdogo wangu,

Karibu duniani Fannie mdogo. Masikio atayaficha chini ya kofia, Mungu alijua alichofanya kutuvika kofia.

Umeniandikia kurasa mbili, na jambo la maana umelibana kati ya mitufaa na theluji. Nijibu haya bila kuzunguka. Mguu wa Baba umevimba wapi, vidoleni au katikati? Ni mwekundu? Ukiweka mgongo wa mkono juu yake, kisha juu ya mguu wa kulia, upi una joto zaidi? Anakunywa maji sana? Anaamka kukojoa?

Na usiniambie tena kwamba hakimuumi. Hicho ndicho kinachonitisha. Nimewaona hapa wakulima wenye kisukari waliokanyaga msumari asubuhi, wakauona jioni wakivua kiatu. Mguu wa namna hiyo mifupa inaweza kuvunjika ndani, mtu akaendelea kuutembelea, ikasagika. Apigwe picha, Atlee. Si lazima kwangu, popote penye mashine na mtu anayejua anachokitafuta.

Ile karatasi bado naingoja. "Tutaona" ni neno la Baba. Sikujua kwamba amekuachia.

Saloma


Ohio, 20 Juni 2009

Kwa Dada Saloma,

Tunamshukuru Mungu kwa mvua. Mahindi yamefika gotini. Ng'ombe wawili wamezaa pacha mwezi mmoja, watu wamekuja kuangalia. Fannie anacheka.

Nilimgusa Baba mguu kama ulivyoagiza, akiwa amelala kitini baada ya chakula. Wa kushoto una joto kama mkate uliotoka tanurini. Umevimba katikati. Ni mwekundu. Maji anakunywa sana, lakini ni majira ya joto.

Aliamka akanikuta nimeinama.

"Unatafuta nini huko chini?"

"Nauangalia mguu, Baba."

"Nani amekutuma?"

Sijui kudanganya, unanijua. Nikasema ni wewe.

Akavaa soksi pole pole. Kisha akasema, "Mwambie mguu ni wangu. Yeye aliuacha mguu huu pamoja na nyumba siku ile alipopanda gari la mtu wa maziwa. Alipiga magoti akabatizwa mbele yetu sote, kwa hiari yake, kisha akaondoka. Leo anataka kuona mifupa yangu?"

Mama alikuwa akiosha vyombo. Hakugeuka, lakini alisema, "Mzee, nenda kaonwe mguu." Ni mara yangu ya kwanza kumsikia Mama akimwambia Baba neno bila kuulizwa.

Baba akasema, "Tutaona."

Kazi ni nyingi. Wasalimu wanaokusalimu.

Atlee


Indiana, 28 Juni 2009

Atlee,

Hakuna anayenisalimu, ila jirani mwenye paka.

Mlete. Mkodi yule dereva wenu mwenye gari kubwa, mlete hapa au mpeleke kwingine, lakini afike mahali. Mkija kwangu, mimi sitamgusa. Kanisa limenikataza kumpa kitu mkononi na jimbo limenikataza kubonyeza kitufe, kwa hiyo mikono yangu iko salama kabisa, mwambie asiogope. Daktari atamwona. Binti mwenye leseni atampiga picha.

Kozi imeanza wiki iliyopita. Nilipita nje ya darasa nikawaona wamekaa na vitabu. Umeandika kuhusu pacha wa ng'ombe, na kuhusu karatasi yangu hukuandika hata herufi moja. Uliahidi utaona. Umeona nini?

Saloma


Ohio, 20 Septemba 2009

Kwa Dada Saloma,

Amani kwako. Tumefika salama baada ya siku ile ya kliniki kwenu, dereva alisimama mara mbili tu. Tunavuna. Mama anakushukuru kwa kofia ndogo uliyoacha juu ya meza kwa ajili ya Fannie. Alisema juu ya meza ni sawa.

Nimefikiria sana ulivyokuwa. Sikutegemea nywele fupi. Ulipomletea Baba ile fomu na kalamu, niliona ulivyosimama umeishika kalamu, na yeye hakunyoosha mkono, wewe ukaiweka mezani, akaichukua kutoka mezani. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi aliniuliza, "Kwani yule dada anaambukiza?" Nikasema ni desturi.

"Jina?" uliuliza, kama hulijui.

"Emanuel Raber," akasema, kama hakujui.

Lakini Mungu ni mwema, habari zilikuwa nzuri. Daktari wako alisema hakuna mfupa uliovunjika, ni uvimbe tu, avae kiatu kipana na apake dawa. Baba amefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Njiani alicheka. Alisema, "Unaona? Hata mashine yao imesema mguu ni mzima." Tangu hapo anashinda shambani kutwa nzima, hatumwezi, anafuata gari la mahindi kwa miguu.

Hukuja nje kutuaga. Nilidhani una kazi.

Atlee


Indiana, 1 Oktoba 2009

Atlee,

Mtoe Baba shambani leo. Usingoje Jumapili. Asikanyage kabisa, hata kwenda chooni ashikwe. Mpeleke hospitali kubwa ya mjini, waambie wampige picha upya, na wewe waambie asimame wakati wa kupigwa.

Usiniulize kwa nini. Fanya.

Saloma


Ohio, 8 Novemba 2009

Kwa Dada Saloma,

Sijui nianze vipi. Baba amefariki. Tumemzika Ijumaa iliyopita, watu mia nne, mistari ya magari ya farasi ilifika hadi daraja la mbao. Mama anakula kidogo. Fannie ameota jino.

Najua utauliza kwa nini hukuitwa. Kibanda cha simu kiko umbali wa kutembea tu, na namba yako ninayo. Nilikwenda mpaka mlangoni mara mbili. Nilifikiria watu wangekuona umekaa benchi la pembeni peke yako, na Mama akikuona vile. Nikarudi. Hilo ni moja.

Barua yako ya Oktoba nilimsomea. Akasema, "Daktari wake mwenyewe amesema hakuna kitu, sasa huyu anajua kuliko daktari? Ni darasa la nane huyu." Nami nilimwamini, kwa kuwa hukutaka kusema sababu. Siku kumi baadaye mguu ukapinduka. Sina neno lingine, Saloma. Katikati ya unyayo palitokeza kama chini ya bakuli, kidonda kikafunguka, harufu ikajaa nyumba. Hospitali daktari kijana alimpiga picha amesimama, mimi na Malinda tumemshika kwapa. Akatuonyesha. Mifupa ilikuwa kama changarawe. Akauliza, "Nani aliwaambia hakijavunjika kitu? Hii ni ya miezi." Wakakata chini ya goti. Baada ya siku tisa sumu ikaingia kwenye damu.

Siku ya mwisho kabla hajapoteza fahamu aliuliza kama wewe bado uko kwa yule daktari. Nikasema ndiyo.

Na sasa la pili. Karatasi yako iko ndani ya bahasha hii. Usifikiri nimeipata baada ya kifo. Baba alinipa ufunguo wa dawati Februari, macho yake yalikuwa hayasomi tena. Nilipokuandikia "tutaona," ilikuwa tayari karakanani kwangu, chini ya kopo la nta ya ngozi. Mama alikuwa akiomba kila jioni urudi. Nami nilijiambia, akikosa leseni atakosa kazi, akikosa kazi atarudi, atapiga magoti, watampokea. Nilikuwa naona nakufanyia wema. Ilikaa pale hadi juzi.

Nimehesabu miezi. Ulisema Septemba leseni ingekuwa ukutani. Sisi tulikuja Septemba.

Niambie ile sababu uliyonikataza kuuliza. Nimekwambia yangu.

Atlee


Indiana, 12 Desemba 2009

Atlee,

Mpe Mama pole, mwambie nimelia kama wanavyolia watoto wengine. Mbusu Fannie kwenye jino.

Karatasi imefika. Nimeipeleka, ofisi imeniandikisha. Nina miaka thelathini na moja na kwa serikali nimezaliwa wiki iliyopita.

Umeuliza sababu. Nitakupa, na nisingekupa kama usingeniambia lako, kwa hiyo usinisifu.

Yule binti mwenye leseni anaitwa Kaylin, ana miaka ishirini na miwili. Si binti mbaya. Alimwona Baba amechoka na safari, akamhurumia. Akamwambia, "Babu, kaa tu, usijisumbue kusimama." Akampiga picha akiwa amekaa, mguu umelegea juu ya sahani ya kupigia picha. Mguu kama ule, Atlee, hupigwa picha mtu amesimama, uzito wake wote juu yake, ndipo mifupa inaonyesha inavyoachana. Mtu akikaa, inajipanga kama watoto mwalimu akiingia darasani. Kaylin hilo amelisoma, lipo kwenye kitabu chake, nimeliona. Mimi sikulisoma popote. Nililijua kwa miguu niliyoiona miaka tisa.

Nilikuwa mlangoni, faili mkononi. Nilifungua mdomo. Lakini wiki mbili kabla Daktari alinipa karatasi nikatia saini: nikiikaribia mashine, au nikimwelekeza anayeitumia, naondoka siku hiyo hiyo. Alisema mkaguzi anaweza kurudi wakati wowote. Nami nilikuwa sina jina, sina cheti, sina mwajiri mwingine duniani ambaye angenilipa mkononi bila kuniuliza nimezaliwa wapi.

Baba aliniona. Ndiyo mara pekee siku ile alinitazama usoni. Alinitazama kama zamani zizini, nilipoacha lango wazi, akingoja niseme mwenyewe. Alikuwa anangoja. Kama ningesema, "Baba, simama," angesimama, hata kama asingenijibu. Najua angesimama.

Nikafunga mdomo. Daktari akaziangalia picha muda wa kumeza funda la kahawa, akasema hakuna kitu. Mimi nikaandika kwenye faili: hakuna kitu. Ni mwandiko wangu. Nilijificha chumba cha dawa mpaka gari lenu likaondoka, ndiyo sababu sikuwaaga. Kisha nikakuandikia ile barua, tena baada ya wewe kuniambia anatembea shambani, na hata hapo sikuthubutu kuandika nilichokiona. Niliogopa barua ingeweza kumfikia mtu. Nani? Askofu? Mkaguzi? Mpaka leo sijui.

Daktari Pruett bado anafanya kazi. Leseni ya Kaylin bado iko ukutani, na ni halali kabisa. Nimemwambia Kaylin, peke yetu, alichofanya. Alilia, akaniuliza mbona sikusema. Wewe na yeye mmeniuliza swali moja.

Pale nimeondoka. Walininunulia keki. Kuanzia Jumatatu nafunga mayai kiwandani. Watu wataniuliza mbona sisomi hiyo kozi sasa nimepata karatasi. Sitaki kuishika ile mashine tena, na haihitaji leseni kujua kwa nini.

Sikusamehi, Atlee, na sikuombi unisamehe. Labda tutazeeka tukafika huko, labda hatutafika. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Ila kisukari, ugonjwa wa Baba, kipo kwenye damu yetu, na wewe unakunywa maji kama yeye, nilikuona pale kliniki, glasi nne. Kila jioni vua soksi. Malinda akuangalie nyayo na katikati ya vidole, kwa taa nzuri, kwa sababu mwenyewe hutaona. Amguse Mama vile vile. Akikuta pana joto na wewe husikii maumivu, usingoje mavuno. Nenda hospitali. Na wakikuambia ukae wakupige picha, usikae. Simama.

Saloma